Zohali na Chumba cha Katuba

Etterbeek, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025. Ni miaka thelathini na mitatu na miezi mitano tangu nitoke Lubumbashi. Nilitoka nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Imebaki miaka saba na kitu ili maisha ya huku ugenini yawe sawa na yale ya kule, na sidhani kama nitaifikisha.

Mwanangu Mujinga,

Masanduku yako ya safari ya Lubumbashi yako kwenye korido tangu asubuhi, na darubini umeifunga ndani ya lile blanketi la mama yako. Umekwenda Matonge, mtaa wa watu wetu hapa, kuwaaga rafiki zako na kusukwa nywele kwa mara ya mwisho pale kwenye maduka ya Galerie, kwa hiyo nina saa mbili hivi za kukaa na karatasi. Sitakuandikia juu ya vidonge vya malaria wala maji ya kunywa. Shangazi yako Kalenga atakuambia hayo mara tatu kwa siku, na utamsikia. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili, ambalo nililikimbia.

Unakumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa tumemaliza kula, bukari, ugali wetu, ilikuwa bado moto katikati ya meza, na uso wa shangazi yako ulikuwa umejaa kwenye simu yako. Akaigeuza simu yake atuonyeshe, wewe na mimi kaka yake mkubwa, yaya wake, chumba cha nyuma cha nyumba ya Katuba kule Lubumbashi, nyumba ileile ya mama yangu.

"Yaya, angalia! Tumepakaa rangi. Ni ya bleu, juu we ulipendaka bleu."

"Iko muzuri," nikasema.

"Bon. Na rideau ya dirisha? Nitie ya jaune ao ya nyekundu?"

"Tutaona."

"Tutaona, tutaona! Ile tutaona yako iko na ndevu sasa, yaya. Inafaa tuiolee bibi."

Ulicheka mpaka ukafuta macho. Mimi pia nilicheka. Kisha nyuma yake akapita Nadine, mjukuu wake, mtoto mgongoni, akikokota godoro kulitoa sebuleni. Ukauliza analala wapi na mtoto mchanga. Shangazi yako akajibu kama mtu anayetaja siku ya juma: "Balalaka mu salon. Chumba ni ya yaya."

Simu ilipokatika ulinitazama moja kwa moja. "Papa, vraiment, utakuya? Dis-moi. Noël?" Nikasimama, nikaenda kuosha sahani ambazo wewe ulikuwa umekwisha kuziosha.

Nitakujibu katika barua hii. Lakini kwanza nataka ujue ni nani anayekujibu, kwa sababu umeishi nami miaka ishirini na minane na kuna mambo sijakuambia.

Nilipoanza kufundisha fizikia nilikuwa kijana mwenye suruali mbili na madarasa matano. Siku ya somo la sayari nilipita sokoni nikanunua chungwa. Nilikata chungwa katikati, nikachukua santuri moja iliyokwaruzika, nikabandika nusu ya chungwa juu na nusu nyingine chini. Nikainua juu: "Hii ni Saturne." Katika vitabu vya Kiswahili vilivyotoka mashariki inaitwa Zohali, na mimi nililipenda jina hilo kuliko la Kifaransa, lakini mtihani wa serikali ulikuwa wa Kifaransa. Darasa zima likanyoosha shingo. Kisha mmoja wa nyuma akauliza, "Maître, ni wimbo gani?" Tulicheka wote, na tangu siku ile kila mwaka walimu wenzangu waliniuliza Zohali inaimba nini mwaka huu.

Nilifundisha hivyo miaka mingi. Na ilikuwa uongo. Pete za Zohali si sahani. Kama zingekuwa sahani moja ngumu zingevunjika. Ni vipande vya barafu visivyohesabika, vingine kama punje ya chumvi, vingine kama nyumba, na kila kipande kinazunguka peke yake kwenye njia yake. Vya ndani vinakwenda mbio, vya nje vinabaki nyuma, na jirani wa leo si jirani wa kesho. Ni umbali tu unaotufanya tuone kitu kimoja kizima, chenye ukingo safi, kinachozunguka pamoja.

Nilikuwa najua. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie. Ilikuwa katika kitabu changu mwenyewe, ukurasa ambao niliuruka kila mwaka. Nilifundisha santuri kwa sababu santuri ilikuwa rahisi kushika mkononi, na kwa sababu watu walipenda kuiona. Katika maisha yangu sijadanganya mara nyingi kwa ubaya. Nimedanganya kwa kuchagua kile ambacho mtu aliye mbele yangu atakipokea kwa furaha.

Unajua nilivyotoka. Walimu tuligoma, mimi niliandika barua ya wagomaji kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, na wenzangu wawili walipochukuliwa usiku nilielewa kwamba mwandiko ule ulikuwa unatafutwa. Hilo nimekusimulia. Sijakusimulia kuhusu nkambo yako, mama yangu. Asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakulia. Aliuliza tu, "Utarudia lini?" Nikasema, "Mwaka kesho, mama." Sikuwa na sababu yoyote ya kusema mwaka kesho. Nilikuwa naelekea mpaka wa Kasumbalesa na begi la shule. Lakini niliona uso wake ukilegea, nami nikaondoka na ule uso kama zawadi.

Baada ya hapo tulitumiana kaseti. Kila aliyesafiri alibeba kaseti za watu kumi. Nilikuwa najifungia chooni katika nyumba tuliyokaa watu sita, nafungua bomba kidogo ili wengine wasisikie, naongea na mama yangu. Kila kaseti niliimaliza kwa mwaka kesho. Na yeye alinijibu kwa upande wa pili, anasalimia, anataja waliokufa na waliozaa, na mara nyingine ananyamaza. Kaseti inazunguka, unasikia kuku, unasikia mtu anapita barabarani na redio, halafu anaendelea na jambo lingine kabisa. Nilifikiri anapumzika.

Wakati mmoja katika miaka ile nilisoma kwenye gazeti la zamani jinsi pete za Uranusi zilivyogunduliwa. Hakuna aliyeziona. Watu walikuwa wanatazama nyota moja wakisubiri sayari ipite mbele yake. Kabla sayari haijafika, nyota ikafifia kidogo, ikarudi, ikafifia tena, mara kadhaa. Sayari ilipokwisha kupita, nyota ikafifia tena vilevile upande wa pili. Hapo wakaelewa kwamba kuna pete nyembamba, nyeusi, zisizoonekana, ambazo zilijulikana kwa mwanga zilioukata. Nililipenda sana jambo hilo. Nililieleza kwa watu wote nyumbani, pamoja na Mtanzania wa ghorofa ya juu, yule ambaye baadaye alicheka jina lako mpaka nikamweleza kwamba kwetu mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingo ndiye Mujinga, na kwamba asithubutu tena. Nililieleza kwa ufasaha. Na jioni ileile nilisikiliza kaseti ya mama yangu, nikapita juu ya ule unyamavu wake bila kujiuliza ni nini kilichokuwa kinapita mbele ya sauti.

Kilichokuwa kinapita ni hiki. Kalenga alikuwa ameolewa katika mji wa Likasi na alitaka kumchukua mama akae naye. Macho ya mama yalikuwa yameanza kufunga. Paa la Katuba lilivuja. Kalenga alikuja kumchukua mara tatu, mara ya tatu na gari, na mama alikataa kupanda. Alisema, "Mutoto wangu akikuya, atanikuta wapi?" Alikuwa na hakika kwamba nikifika Katuba nikakuta nyumba imefungwa nitageuka. Kwa hiyo alibaki peke yake katika nyumba ile, anapapasa kuta, ananingojea mimi na mwaka wangu wa kesho. Hili Kalenga hakunieleza mpaka mama alipokwisha kufa. "Alinikataza," aliniambia. "Alisema utajisikia vibaya."

Alikufa mwezi wa pili, katikati ya mvua, mwaka wa kumi na moja wa kutokuwapo kwangu. Wewe ulikuwa na miaka sita. Pengine unakumbuka téléboutique ya Galerie, lile duka la kupigia simu, vile vibanda vya mbao, na wewe umeshika koti langu kwa mikono miwili. Ndani ya kibanda Kalenga alikuwa ananiuliza:

"Yaya, tukungoje? Bantu bako hapa, banauliza."

Unajua desturi yetu. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Akisema anakuja, kilio kinamngoja. Watu hawatoki. Wanalala kwenye mikeka uani, wanapika kwenye sufuria za kuazima, na hakuna anayeweza kusema imetosha mpaka afike, au mpaka aseme mwenyewe kwamba hatafika.

Mfukoni nilikuwa na hati ya safari ya mkimbizi. Imeandikwa ndani yake kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa ile niliyotoka. Nilikuwa nimeusoma mstari ule mara nyingi kuliko Zaburi. Ningemwambia Kalenga, "Hapana, muzikeni," ingekwisha pale. Nilisikia nyuma yake wanawake wanaimba. Nikasema, "Nafika vendredi."

Ijumaa nikapiga simu, nikasema kuna tatizo dogo la tikiti, Jumapili. Jumapili nikasema Jumanne. Kila mara nilitoka kibandani nikijisikia nafuu, kama mtu aliyefanya jambo. Nilikushika mkono tukarudi nyumbani kwa miguu. Kule mvua ilinyesha juu ya mikeka. Umeme wa chumba cha maiti ulikuwa unakatika. Wazee waliotoka Kamina walipata homa, mmoja alirudishwa kwao amebebwa. Siku ya tisa mjomba wangu akasimama uani, akasema mbele ya watu wote, "Maiti haingojake avion. Tunamuzika leo." Alitupa udongo yeye. Kalenga aliniambia kwamba hakuna aliyenisema vibaya. Walisema, maskini, labda ndege imeharibika. Hata pale walikuwa bado wananiamini.

Sisi huku tulikodi ukumbi, tukaweka picha ya mama juu ya meza, watu wa Lubumbashi wote walikuja, wakaimba, wakala. Walinipa pole kwa kunishika mikono. Nilikaa mbele ya picha ile kama mfiwa wa kweli. Nami nilikuwa mfiwa wa kweli. Lakini nilikuwa pia yule aliyewanyeshea watu mvua siku tisa, na hilo halikuwekwa mezani.

Miaka minne baadaye nilipata uraia wa huku. Mwezi uleule, kwa furaha, nilikupeleka kwenye jioni ile ya darubini, ulipokuwa na miaka kumi. Ilikuwa Februari, giza lilikuwa limeingia mapema, na tulipanga foleni nyuma ya wazee wenye kofia za sufu. Ulipoweka jicho ulisema, "Papa, c'est un autocollant." Ulidhani mtu amebandika picha ndani ya bomba. Mwenye darubini aliisogeza kidogo ili uone kwamba Zohali inatoka nje ya duara na kurudi. Ndipo ulipokataa kuondoa jicho. Njiani ukaniuliza kwa nini pete hazianguki. Nikakuambia zinaanguka kila wakati, ila zinakwenda pembeni kwa kasi hata hazifiki. Ukafikiri kuanzia kituo kimoja cha tramu hadi kingine. "Na zikichoka?"

Nikakuambia uvae glavu. Sasa tunajua kwamba kweli zinachoka. Barafu na vumbi vinanyesha kidogokidogo kutoka katika pete kwenda kwenye sayari, na siku moja, baada ya miaka mingi ambayo akili yetu haiwezi kuibeba, zitakwisha. Wengine wanasema pete hizo ni changa, wengine wanasema ni za kale kama Zohali yenyewe. Hawajakubaliana. Lakini maelezo mamoja yalinivutia kuliko yote. Huenda zamani palikuwa na mwezi. Mwezi huo ulisogea karibu mno. Kuna mpaka, na ukiuvuka, sayari inauvuta upande wa karibu kwa nguvu kuliko upande wa mbali, mpaka mwezi unapasuka. Pete ndizo mabaki yake.

Nikalichukua hilo, mwanangu, nikajifunika nalo. Kila mtu aliponiuliza, tonton, mjomba wetu, sasa una pasipoti, unangoja nini, nilikuwa nikiwaza: mimi ni mwezi ule. Nikikaribia nitapasuka. Ilisikika vizuri kichwani. Niliishi na mfano huo miaka kumi na minane, na mama yako, ambaye hakuwa mtu wa mifano, aliniambia mara moja tu, akiwa hospitalini, "We unaogopa haya, aibu ya watu, papa Mujinga. Basi. Haya haiko kifo." Alisema kweli. Mwezi hauna hiari. Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na pasipoti, nilikuwa na afya, nilikuwa na likizo kila Julai. Sikwenda kwa sababu kule kuna ua ambapo watu walilala mvuani kwa neno langu, na wengi wao bado wanapita pale, na wangenisalimia kwa upendo.

Wewe huna ua kama huo. Unakwenda kufundisha kule nilikofundisha mimi, na unakwenda na chombo cha kweli. Waonyeshe watoto kitu chenyewe. Watalalamika kwamba ni kidogo, kwamba pete hazionekani sawasawa. Mwaka huu hasa watalalamika, kwa sababu zimetugeuzia ukingo, na ukingo wake ni mwembamba hivi kwamba mwezi wa tatu zilipotea kabisa machoni pa dunia. Waambie hivyohivyo. Waambie hazijaondoka, na kwamba utakuwa nao zitakapoinama tena, kama kweli utakuwa nao. Kama hutakuwa nao, waambie hutakuwa nao. Mtoto anaweza kuishi na hapana. Mama yangu angeweza kuishi na hapana. Angepanda gari lile la Likasi, akalia njiani, na jioni angekula chakula cha moto mikononi mwa binti yake. Nimelifikiria gari hilo kuliko jambo lolote jingine maishani mwangu.

Usinichukulie kama mtu asiyewapenda wale wa kule. Naijua Katuba kwa miguu yangu. Naweza kukuambia ni nyumba gani ilikuwa na mbwa mbaya. Ila nimetambua kwamba ninayoijua imezunguka ikaenda, kila mtu kwa njia yake na kwa mwendo wake, nami nimekuwa nikiitazama kutoka huku kana kwamba ni kitu kimoja kilichosimama kunisubiri. Aliyesimama kunisubiri alikuwa mmoja tu. Na sasa, Jumapili, nimeona wa pili. Shangazi yako ana miaka sabini. Amepaka rangi kwa mikono yake. Na msichana mwenye kichanga anakokota godoro kila asubuhi kwa sababu ya neno langu jingine, fupi zaidi kuliko mwaka kesho: tutaona.

Kwa hiyo nakupa kazi nzito, na naomba radhi kwamba naiweka juu ya mabega yako badala ya kuifanya mwenyewe kwa simu. Nimejaribu. Jumatano nilipiga, akaanza kucheka kabla sijasema, nami nikauliza habari za mvua. Ukifika Katuba, kabla hujafungua sanduku, mwambie ampe Nadine kile chumba. Usimwambie ni ugonjwa wangu wa moyo. Daktari amesema naweza kusafiri. Usimwambie ni kaburi la mama yako, ingawa naliendea kila Jumamosi na nitaendelea kuliendea. Ukimpa sababu ataitafutia dawa, ndivyo alivyo. Wala usimwambie, "Bado." Msomee ukurasa huu ikiwa maneno yatakushinda, na umwache anikasirikie. Ana haki ya kukasirika, na sijawahi kumpa nafasi.

Na wewe pia. Najua ulitaka nikukute kule kwenye uwanja wa ndege mwezi wa kumi na mbili, kabla ya Krismasi, umenitengenezea mpango mzima kichwani. Nimekuona ukiwa na furaha hiyo wiki nzima, na wiki nzima nimeiacha ikue. Nisamehe kwa wiki hii.

Sitakuja Noël. Sitakuja mwaka kesho. Sitarudi Lubumbashi.